Maswali yenu: Jumamosi ya baiskeli na marafiki, tuelekee wapi?

Mwezi huu maswali ya baiskeli yamekuja mengi, tena sio ya watu wa mashindano, ni ya watu wa kawaida wanaotaka siku moja watoke na washkaji zao wakapite njia za shamba, wale, wapumzike, warudi. Nimefurahi sana kuyasoma kwasababu hili jambo nalipenda kutoka moyoni, so leo naomba mnivumilie, swali la kwanza nitalijibu kwa urefu.

*Kaka habari za kazi. Tupo saba, wote kazini kwetu, tunakaa Tabata na Segerea. Tunataka Jumamosi moja tutoke na baiskeli twende sehemu yenye mashamba turudi jioni. Wawili hawajapanda baiskeli tangu shule ya msingi, na karibu wote tutakodi mtaani. Twende wapi na tuondoke saa ngapi? (Dada wa Tabata)*

Nzuri dada yangu. Mimi ningewapeleka Kigamboni. Najua wengi watakwambia Kisarawe, na Kisarawe ni kuzuri kwelikweli, ile misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ina ubaridi wake, na njiani unapita Pugu ilipo shule aliyofundisha Mwalimu Nyerere kabla hajaacha ualimu mwaka 1955 ili ashughulike na TANU. Ila kufika huko lazima upite barabara ya airport mpaka Gongo la Mboto, daladala na malori yanakupumulia mgongoni, alafu ukishatoka kwenye hiyo vurugu unakutana na vilima. Mtu ambaye hajapanda tangu darasa la saba hiyo ni adhabu, hatarudi tena kwenye baiskeli, na wewe unataka arudi.

Sasa Kigamboni unavuka na pantoni pale Magogoni, baiskeli unaishika mkononi, au unapita daraja la Nyerere, lile lililofunguliwa 2016, mita 680 juu ya maji na pembeni kuna sehemu ya waenda kwa miguu. Ila kutoka Tabata kufika darajani ni barabara ya Mandela na malori ya bandarini, hapo sikushauri kabisa. Changeni hela mkodi kirikuu alfajiri, pakieni baiskeli zote, zifungeni kamba vizuri na katikati mweke maboksi au magodoro ya zamani zisikwaruzane, mshukie Kigamboni ng'ambo. Sio uvivu hata kidogo. Siku ni ya kupita mashambani, hamna sababu ya kumaliza nguvu kwenye moshi.

Kutoka pale pantoni mnaelekea Mjimwema, mkishaipita hapo msing'ang'anie lami, tafuteni njia za vumbi zinazokatiza kwenye minazi na mikorosho na vishamba vya mihogo, ulizeni watu, kila mtu atawaelekeza Gezaulole. Ni kama kilomita 13 kutoka pantoni ukifuata barabara, na hivyo vichochoro vikiongezeka kidogo mkirudi mtakuwa mmefanya kama thelathini hivi kwa siku nzima, ambazo mtu yeyote mzima wa afya anaziweza akienda taratibu. Huko ndipo ilipo Mbwamaji, watu walikuwa wanaishi na kufanya biashara pale kabla hata Sultani Majid hajaanza kujenga Dar miaka ya 1860. Mkikuta mzee amekaa barazani msalimieni vizuri, shukeni kwenye baiskeli kwanza ndo mseme shikamoo, na akiwa na nafasi muulizeni habari za pale, mtasikia mambo. Kimbiji ni mbali zaidi, hiyo iacheni kwa safari nyingine mkishazoea.

Muda. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi muwe mshaanza kupiga pedeli, sio ndo mnasubiriana. Mpaka saa nne mtakuwa mmefika bila jua kuwasumbua, hapo kaeni, kunyweni madafu, agizeni samaki na ugali mapema maana chakula cha huko kinapikwa ukishaagiza na watu saba sio wachache, ogeleeni, laleni hata kwenye mchanga, alafu saa tisa na nusu hivi ndo mnageuza. Anayewaambia mrudi saa saba mchana ili muwahi hajawahi kupigwa na jua la Dar akiwa juu ya baiskeli. Maji kila mtu abebe lita moja na nusu yake mwenyewe, asitegemee ya mwenzie.

Kitu ambacho watu hawakiangalii ni upepo. Kuanzia Juni mpaka Septemba ni kusi, unavuma kutoka kusini, maana yake mkienda mtakuwa mnaukabili na mkirudi unawasukuma, na hiyo ni raha kwasababu jioni ndo miguu imechoka. Ikifika Desemba mpaka kama Februari ni kaskazi, inageuka, asubuhi mnateleza mnajiona mabingwa, jioni mnaupiga kifua mpaka feri. Miezi hiyo punguzeni safari, geuzeni mkiwa bado mna nguvu. Masika msiende, zile njia za ndani zinajaa maji na tope linaingia kwenye mnyororo mpaka haizunguki.

Na mchanga! Kigamboni kuna sehemu njia ni mchanga mtupu na wageni wengi ndo wanapoangukia. Ukiuona unakuja weka gia nyepesi kabla hujaingia, kaa kwenye siti usisimame, mikono ilegeze usibane usukani, piga pedeli bila kuacha. Tairi la mbele litachezacheza lenyewe, liache, ukianza kupigana nalo ndo unalala chini. Na ukishindwa shuka usukume, hakuna aibu, mita hamsini tu hizo. Ukipunguza upepo kidogo kwenye matairi inasaidia pia, ila ukitoka kwenye mchanga jaza tena.

Kuhusu kukodi, msichukue asubuhi ile ile. Nendeni Alhamisi, kila mtu ajaribu yake. Nyanyua gurudumu la mbele ulizungushe, uangalie ringi kwa makini pale linapopita katikati ya raba za breki, likikwaruza upande mmoja ujue limepinda. Likamate tairi ulisukume kushoto kulia, likicheza gololi zimeisha. Breki ibane uisukume mbele, isitembee. Siti ndo muhimu kuliko vyote kwa wale wawili wageni, wengi wanaiweka chini sana ili miguu ifike ardhini, ndo magoti yanawaka moto mchana. Kaa juu, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukiendesha sasa kwa kutumia sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunja kidogo, hapo umepata.

*Bro mambo. Mimi kila nikienda njia za vumbi napata pancha, fundi anaziba, siku mbili pancha tena karibu na palepale. Tyubu mbaya au fundi mbaya? (Kijana wa Mbagala)*

Poa sana mdogo wangu. Inaweza isiwe tyubu wala fundi, kuna uwezekano mkubwa mwiba bado uko ndani ya tairi. Zile mbigiri zinavunjikia kwenye raba, kwa nje huoni kitu, kwa ndani kuna kincha kidogo kimechungulia kama milimita moja hivi, kila tyubu ikijaa kinaichoma. Ukitoa tyubu pitisha kidole ndani ya tairi zima polepole, au pamba, pamba ni salama zaidi kwasababu itanasa yenyewe na kidole chako kitapona. Ukikipata kitoe na koleo ukianzia ndani, ukisukuma kwa nje.

Jambo la pili, jifunze kuziba mwenyewe, ukiwa na wenzako shambani fundi hayupo. Sugua tyubu na msasa mpaka ule ung'aavu uishe, paka solushen eneo kubwa kuliko kiraka, alafu SUBIRI. Hapa ndo watu wanaharibu, wanabandika ikiwa mbichi. Ngoja dakika kadhaa mpaka ukigusa pembeni haishiki kidole, ndo uweke kiraka na ukikandamize kwa nguvu zako zote, na kitako cha spana ukipitishe juu yake. Kikikaa hivyo hakitoki.

*Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto wawili, navaa hijabu na madera, rafiki zangu wananialika kwenye safari zao za baiskeli natamani sana ila naogopa nguo kuingia kwenye mnyororo na pia majirani watasemaje. (Mama wa Magomeni)*

Waalaykum salaam dada. Nenda. Dera refu kweli sio nguo ya baiskeli, linavutwa na mnyororo au linaingia kwenye spoku na unaanguka ghafla bila onyo, hilo usilifanyie mzaha. Vaa suruali pana ya kitambaa chepesi, juu gauni linaloishia magotini lenye mpasuo pembeni, unapiga pedeli vizuri na umejistiri. Mguu wa kulia, ule wa upande wa mnyororo, ufunge chini na raba au kipande cha kitambaa. Tafuta baiskeli ya kike ile fremu iliyoshuka katikati na yenye kava la mnyororo, zile za mtumba zipo nyingi na ni imara. Hijabu ya ndani iwe nyembamba isiyo na pini, helmeti inakaa juu yake bila shida.

Majirani watasema siku ya kwanza, ya pili watauliza mlienda wapi, ya tatu kuna mmoja atakuomba umfundishe. Na wewe mfundishe.

*Shikamoo ni zenu vijana. Mimi nina miaka 63, nina presha natumia dawa, wanangu wanakwenda Jumapili, niende nao? (Mzee wa Kimara)*

Shikamoo mzee wangu. Muulize kwanza daktari anayekuandikia dawa, mwambie kabisa ni kilomita ngapi na jua la namna gani, usimwambie tu "mazoezi". Akikubali, nenda, sehemu tambarare, gia nyepesi, mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kutweta. Na mmoja wa wanao awe pembeni yako muda wote, sio mbele.

*Kwenye kundi letu kuna rafiki yetu mmoja ana baiskeli kali ya gia, kila safari anatuacha, tunamkuta amekaa anatusubiri alafu sisi tukifika tu yeye anaondoka. Wawili wamesema hawaji tena. Tumwambieje? (Msomaji wa Kijitonyama)*

Hili linaniuma kwasababu linaua makundi mengi mazuri. Angalieni kinachotokea hapo: yule mwenye nguvu anapumzika dakika kumi, yule aliyechoka zaidi anapumzika sifuri. Kila kituo pengo linakua. Sheria iwe moja tu, mkifika mahali mkapumzika, saa inaanza kuhesabiwa pale anapofika wa mwisho, na wa mwisho ndo anasema twende.

Na huyo rafiki yenu mpeni kazi. Watu wa kasi hawawezi kuambiwa "punguza" wakapunguza, anapunguza dakika mbili anasahau, lakini ukimpa pampu, viraka, spana na ukamwambia wewe ndo wa nyuma, hakuna mtu anabaki nyuma yako leo, unamgeuza kuwa mtu muhimu kuliko wote. Upepo ukiwa mkali aje mbele, wale waliochoka wajipange nyuma yake wajifiche, hapo hiyo baiskeli yake kali itakuwa na faida kwa kila mtu. Mkijipanga hivyo tu muwe waangalifu tairi lako la mbele lisiingie pembeni ya tairi la nyuma la mwenzio, akiyumba kidogo ni wewe unayeanguka, sio yeye.

Mwambie wewe mwenyewe, mkiwa wawili, kabla ya siku ya safari, sio mbele ya watu njiani mkiwa na jua kichwani. Na wale wawili waliosusa wapigie simu wewe, usiwatumie ujumbe, waambie mpangilio umebadilika na safari ijayo wao ndo wanachagua njia.

Swali la kubeba mtoto mdogo kwenye karia nimeliona, limetumwa na wazazi watatu tofauti, nitaanza nalo toleo lijalo.