Mistari myeupe kwenye mchoro wa wino

Swali: Nachora kwa wino wa Kichina kwenye karatasi ya xuan, ile karatasi laini ya Kichina ya kuchorea. Niliona milima ya mchoraji Liu Kuo-sung, imejaa mistari myeupe myembamba kama mishipa. Nimejaribu kupaka rangi nyeupe juu ya wino, inaonekana kama chokaa chafu. Nta nayo ilifanya mchoro ukatae kubandikika kwenye karatasi ya kuutegemeza kwa nyuma. Yeye alifanyaje?

Jibu: Hakupaka kitu. Alinyofoa. Miaka ya 1960, huko Taiwan, Liu alianza kutumia karatasi yenye nyuzi nene juu yake. Akishapaka wino, anazivuta nyuzi hizo, na pale zilipolala karatasi inabaki nyeupe. Ni weupe uleule ambao wachoraji wa kale wa China waliuacha uwe mawingu, maji au theluji, ndiyo maana jicho halioni kiraka. Wengi humwita mwasi kwa kuwa alipinga ukuu wa ncha ya brashi. Kwenye suala la weupe, mimi namwona mhafidhina kabisa.

Karatasi ya namna hiyo si rahisi kuipata, kwa hiyo jaribu shabu (alum). Kwanza dondosha tone la maji pembeni mwa karatasi yako. Likisambaa papo hapo, ni xuan mbichi na itakufaa; likituama, ilishapakwa shabu na gundi kiwandani. Yeyusha shabu kwenye maji ya vuguvugu, chora mistari, iache ikauke, kisha pitisha wino mwepesi. Palipo na shabu wino hauzami. Mstari utakuwa laini, una ukungu kidogo, si mkali kama wa Liu. Anza na maji mepesi na ujaribie kwenye vipande, kwani shabu ina asidi: ikizidi, baada ya miaka karatasi hukatika kama jani kavu. Nimeshika michoro ya hivyo mezani kwangu, haina dawa.

Nta iache. Mchoro wa xuan hubandikwa kwa gundi ya ngano yenye maji mengi, na hivyo viwili havipikiki chungu kimoja. Ukiiyeyusha kwa pasi, mafuta yake yanabaki ndani.

Halafu saga kipande chako cha wino siku hiyohiyo unayochora. Wino uliolala usiku kucha kwenye jiwe la kusagia una chembechembe nzuri, wapo wanaoutafuta makusudi, lakini ukilowa wakati wa kubandika hutiririka, na mistari yako myeupe inageuka kijivu.