Maswali ya Wasomaji: Kinyago chenye mistari na unga wa mbao

SWALI: Nilinunua kinyago Maasai Market. Kina mistari mieupe na mieusi, mdomo wa mraba uliochomoza, na ukingo umesimama katikati ya kichwa kama upanga wa jogoo. Muuzaji alisema ni cha Wamaasai, cha kufukuza mapepo. Sasa kila asubuhi naona unga wa mbao sakafuni. Je, ni cha kweli, na nifanyeje?
– Msomaji, Umoja

JIBU: Wamaasai hawana mila ya kuvaa vinyago vya mbao; jina hilo limetokana na soko tu. Umbo unalolieleza ni la kifwebe cha Wasongye wa Kongo. Ukingo mrefu ni dalili ya kinyago cha kiume, ambacho kilitoka kwa ukali kutia watu adabu na kulinda mamlaka ya wakubwa. Cha kike huwa na weupe mwingi, na ukingo wake ni mfupi au haupo kabisa. Mchezaji hakuvaa uso peke yake: alifunikwa vazi la nyuzi za ukili mwilini na ndevu ndefu za ukili kidevuni.

Kwa hiyo kigeuze, utazame nyuma. Kinyago cha kuchezewa kina matundu pembezoni ya kufungia ukili, na kwa ndani mbao imelainika na kuingia weusi pale paji na mashavu yalipogusa. Macho au mdomo lazima viwe wazi, maana mtu anacheza akiona njia. Kama nyuma ni tambarare, ina alama mpya za patasi na tundu moja la msumari, hicho kilichongwa kipambe ukuta. Si kosa kukipenda, kosa ni kuuziwa kwa bei ya kitu cha kale. Sugua pia mahali padogo palipofichika kwa kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo: kikitoka cheusi, huenda huo unaoonekana kuwa ukale ni rangi ya viatu tu.

Unga ni kazi ya wadudu wanaobungua mbao. Usikianike juani, kitapasuka. Wala usikipake mafuta ya taa, yataacha madoa na kuharibu rangi. Kifunge kwa mfuko wa plastiki, kamua hewa yote, ziba kwa utepe wa gundi, kisha kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 14. Ukikitoa, kiache ndani ya mfuko saa 24. Wengi huharibu hapa: wakifungua mapema, unyevu wa hewa hutua juu ya mbao baridi na rangi huanza kubanduka. Baadaye kiweke juu ya karatasi nyeusi kwa wiki kadhaa. Unga mpya ukionekana, rudia; lakini kwanza gongagonga, kwani unga wa zamani huweza kutoka kwenye matundu ya awali.

SWALI: Je, ni kweli kote Afrika mwanamke haruhusiwi kuvaa kinyago?
– Msomaji, Kayole

JIBU: Si kote. Wamende wa Sierra Leone wana sowei, kofia nyeusi ya mbao yenye mikunjo shingoni, nayo huvaliwa na wanawake wa chama cha Sande wasichana wanapotoka kufundwa. Kwa Wamakonde wa Msumbiji ni kinyume: lipiko, kinyago chao cha ngoma, huvaliwa na mwanamume, na siri ya aliye ndani hufunuliwa kwa vijana jandoni. Lipiko nalo hufunika kichwa chote, huchongwa kwa mti mwepesi na kubandikwa nywele za binadamu. Basi ukiuziwa "lipiko la mpingo", jua si la ngoma. Mpingo huzama majini kwa uzito. Hakuna shingo itakayocheza nao kutwa.