Kanisa la Mkunazini, twende lini?

SWALI: Mambo mhariri, nataka niwapeleke wanangu Unguja wakalione lile kanisa la Anglikana la Mkunazini, sa muda gani mzuri? Sitaki kubanana na watalii. Mama wawili, Morogoro

JIBU: Dada, masika kimbia kabisa, Machi mpaka Mei mvua ya kule si mchezo. Juni hadi Septemba ndo poa ila na wageni ndo wanajaa hapohapo, kwa hiyo wahini asubuhi mapema, Jumapili muache watu wasali. Waoneshe madhabahu, pale ndo palikuwa na mti wa kuchapia watumwa, soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa 1873, af wakazitafute zile nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu (watacheka!). Vile vyumba vya chini jengo la jirani, vinavyosemekana walifungiwa watumwa, msivikimbie.