Mama alikufa, nami nangoja simu

"Shikamoo Shangazi. Niko Lamu, Langoni. Nina miaka 33. Akili yangu huenda polepole, mpwa wangu ndiye aniandikia. Mama alikufa kabla ya Ramadhani. Tangu hapo silali, najiuma mkono. Daktari aliandika nionane na mwanasaikolojia, wakasema ningoje kupigiwa simu. Ni miezi mitano. Dada asema huo ni ulemavu wangu tu, hautibiki. Nangoja nini?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mama. Nakujibu kwa maneno mafupi, mpwa wako akusomee wewe mwenyewe.

Ulemavu wa akili umeishi nao miaka 33, na usiku ulikuwa ukilala. Kujiuma mkono kumeanza mama alipoondoka. Huko ni kufiwa. Dada yako naye kafiwa, simlaumu, ila hapa kakosea, na hata madaktari hukosea hivyo: wakishauona ulemavu, kila kitu huutupia huo. Huzuni yako yaweza kutulizwa kwa mazungumzo, bora anayezungumza nawe apunguze mwendo.

Sasa hiyo simu. Waliandika namba ya nani? Kama ni ya mama, huenda simu yalia kabatini. Usiendelee kungoja. Nenda na mpwa wako asubuhi, hapo hapo walipokuambia ungoje, useme: "Nimekuja kuulizia zamu yangu." Wape namba inayopokelewa. Waombe tarehe, waiandike kwenye karatasi. Wakikutuma Malindi au Mombasa, waulize kwanza kama huko wakungojea kweli. Boti hadi Mokowe na basi baada yake si safari ya kwenda bure. Na mtu akikuita zuzu pale dirishani, mpwa wako amtajie ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010: mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa jina lisilomdhalilisha.

Siku ikifika, sema ni nani unataka aingie nawe, au uingie peke yako. Usipoelewa, sema: "Nirudie." Omba michoro, omba mapumziko. Chukua leso ya mama. Maneno yakikukwama, muoneshe hiyo.

Hukuniambia kama siku ya mazishi ulipelekwa makaburini. Watu kama wewe mara nyingi huachwa nyumbani ati wasisumbuke, kisha wakabaki wakitazama mlango, wakimngoja aliyekwishazikwa. Jambo hili huniuma sana. Kama hukwenda, mwambie dada akupeleke ukalione kaburi, mumuombee dua pamoja. Hilo halina zamu.

Usiku ukitaka kujiuma, muamshe mtu. Ukijisikia kutaka kufa, usingoje tarehe yoyote: nendeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Nawe mpwa, ahsante kwa kuyaandika maneno yake kama alivyoyasema. Wakishampa tarehe, niandikieni.