Windows na Ubuntu katika laptop moja: kazi kubwa iko upande wa Windows

Hapa Bukavu wanafunzi huniletea laptop wakitaka Ubuntu, mfumo endeshi wa bure wa Linux, bila kuipoteza Windows. Wengi wanafika na flashi tayari mkononi, wakidhani shughuli yote ni kusakinisha. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Mashine huharibika kwa sababu ya yale yaliyorukwa kabla flashi haijachomekwa.

Nakala ya mafaili yako iwe kwenye diski ya nje. Hilo sina haja ya kulibishania. Kisha tazama BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha mafaili ya diski kwa msimbo. Laptop nyingi mpya zimefungwa nayo na mwenyewe hana habari. Ukigusa mipangilio ya kuwasha, Windows inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo mafaili hayafunguki. Kwa kawaida unaupata kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uandike kwenye karatasi, usiuweke ndani ya laptop hiyohiyo!

Zima pia Fast Startup, mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka. Ikiwa imewashwa, Windows unayodhani umeizima imelala tu, na Ubuntu inaweza kukataa kuandika kwenye sehemu ya diski ya Windows.

Nafasi ya Ubuntu itenge kwa Disk Management, programu ya kugawa diski iliyomo ndani ya Windows yenyewe. GB 25 zinatosha kuanza, lakini mimi natenga 60 diski ikiruhusu. Umeme wetu mnaujua: ukikatika wakati diski inagawanywa, unaweza kupoteza kila kitu. Laptop yenye betri iliyokufa siigusi mpaka ipatikane UPS (betri ya akiba) au sola.

Wakati wa kusakinisha, chagua kuweka Ubuntu kando ya Windows, si kufuta diski. Na kwa kuwa kibodi zetu nyingi ni AZERTY, yaani za mpangilio wa herufi wa Kifaransa, chagua mpangilio wa Kifaransa kabla ya kuandika nywila. La sivyo, ukibonyeza A inaingia Q, na siku utakayorekebisha kibodi nywila itakukataa.

Limebaki jambo dogo linalowatisha watu bure: ukirudi Windows, saa nne asubuhi inaonyeshwa kama saa mbili. Ubuntu huiweka saa ya mashine kwa UTC, saa ya kimataifa, Windows huisoma kama saa ya hapa, nasi tuko saa mbili mbele ya UTC. Kwenye terminali ya Ubuntu, dirisha la kuandikia amri, andika timedatectl set-local-rtc 1, kisha rekebisha saa ya Windows. Haitayumba tena.