Bati la ghala pwani: lami nyeusi au rangi nyeupe?

SWALI: Nina ghala dogo la korosho Mikindani, karibu na bahari. Bati limeanza kushika kutu. Fundi anataka alipake lami nyeusi, anasema ndiyo inayozuia kutu. Nami naogopa joto, maana ndani tayari hapakaliki. Nifanyeje? (Msomaji, Mtwara)

JIBU: Ndugu yangu, fundi wako ana haki ya kuhofia kutu, hasa hapo penye upepo wa chumvi. Ila kinachozuia kutu si weusi. Ni praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, iliyoshika chuma sawasawa na unene wa rangi iliyo juu yake. Weusi au weupe unaamua jambo lingine: jua kiasi gani ligeuke joto.

Nyeusi hunyonya zaidi ya asilimia 90 ya nguvu ya jua. Nyeupe nzuri ya nje hurudisha kama asilimia 80. Na huko kwenu jua hupita utosini mwezi Oktoba, wakati korosho zinaingia ghalani, kisha tena Februari.

Wengi hupenda rangi ya fedha. Huakisi jua, ni kweli, lakini joto likishaingia hulitoa kwa shida. Nyeupe hurudisha jua na pia hutoa joto upesi, kwa hiyo mimi ningechagua nyeupe bila kusita.

Tena joto lenyewe huleta kutu. Bati la mita 3 likipanda nyuzi 50 hurefuka karibu milimita 2, na usiku hufupika tena. Kila siku hivyo hivyo! Matundu ya misumari hupanuka, rangi hupasuka papo hapo, chumvi inaingia. Lami nayo ikipigwa jua hukauka na kufanya nyufa.

Osha chumvi kwa maji ya bomba, sugua kutu kwa brashi ya waya, kisha paka praima ya kuzuia kutu. Sehemu ambazo zinki, ile ngozi inayokinga chuma cha bati, bado inang'aa zinataka praima maalumu ya mabati yenye zinki. Rangi ya mafuta ikikaa moja kwa moja juu ya zinki hubanduka. Halafu nyeupe mara mbili, asubuhi umande ukishakauka, kabla bati halijawa la moto. Lioshe kila linapochafuka, kwa sababu vumbi na ukungu huua uwezo wa nyeupe. Bati lililokwisha toboka usilipake, libadilishe.