Lami peke yake haitoshi Goma

Yaya, mkubwa wangu, unasema foleni za magari hapa Goma, mashariki ya Kongo, zitaisha tukipata lami pana mpaka Sake, mji mdogo ulio magharibi yetu. Mimi sikubali. Lami inasaidia, vumbi tumelichoka, ila barabara moja hata ikipanuliwa ni barabara moja.

Angalia mji ulivyobanwa: kusini ziwa Kivu, mashariki mpaka wa Rwanda, kaskazini volkano ya Nyiragongo, na uwanja wa ndege umezikata kartiye (mitaa) za huko juu. Umebaki upande wa magharibi tu, Ndosho mpaka Mugunga. Huko watu wananunua parseli, yaani viwanja, kwanza, njia itajulikana baadaye. Kila mwenye shamba anakata vipande vyake, na avenii yake, njia ya mtaani, inakoma kwenye ukuta wa mtu au kwenye lundo la mawe ya volkano. Redio ya jirani wa nyuma unaisikia vizuri, lakini kumfikia kwa pikipiki lazima ushuke hadi barabara kuu ndipo uzunguke. Basi hata anayefuata mkaa tu anaongeza foleni.

Mwezi wa 5 mwaka 2021 tulilipia hilo. Lava ya Nyiragongo ilikata barabara ya Rutshuru, ya kwenda kaskazini, na tarehe 27 gavana alipoamuru watu wahame, umati ulijazana njia hiyo hiyo ya Sake, magari, pikipiki na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, pamoja.

Mimi ningeanza kwa kutoboa avenii zilizofungwa, mita chache chache, sasa hivi nyumba nyingi za huko zikiwa bado za mbao. Za mbao zinasogezwa. Zikishakuwa za matofali, jiandae kwa kesi.